Nani Aliyeshinda? Habari ya Vita vya B-R5RB

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii yafaa kuandikwa mbele ya kila kitabu kinachosimulia vita, maana hakuna ngozi ivutwayo kwa nguvu kama habari ya vita vilivyokwisha. Mishale hukoma kuruka, moshi hutawanyika, majeruhi huchukuliwa, na hapo ndipo vita vya pili huanza: vita vya maneno, ambavyo silaha zake ni ulimi na kalamu, na ambavyo aghalabu hudumu kuliko vile vya kwanza.

Mfano mashuhuri ni wa zamani sana. Mwaka 1274 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, Farao Ramses wa Pili wa Misri alipigana na Muwatalli, mfalme wa Wahiti, karibu na mji wa Kadesh katika nchi iitwayo Syria siku hizi. Ramses aliporudi kwake aliamuru habari za vita hivyo zichongwe katika kuta za mahekalu yake, na katika kuta hizo yeye ni shujaa aliyewatawanya maadui karibu peke yake. Kwa karne nyingi kuta hizo zilisema bila ya kujibiwa. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, wachimbaji walifukua vigae vya udongo katika magofu ya mji mkuu wa Wahiti, katika nchi ya Uturuki ya leo, na vigae vikasema maneno mengine: kwamba Mmisri alirudi nyuma, na Mhiti akasonga mbele hata akaingia katika nchi iliyokuwa chini ya Misri. Hata mapatano ya amani waliyofanya baadaye yamesalia katika nakala mbili, na kila upande wadai kwamba ni mwenzake aliyetangulia kuomba amani.

Huenda msomaji akasema: Ubishi huo ulitokana na ukosefu wa hesabu. Lau kungalikuwako karani mwaminifu katika uwanja wa Kadesh, asiyempendelea huyu wala yule, akaandika kila gari la vita lililovunjika na kila mtu aliyeanguka, watu wasingalibishana. Neno hili lina sura ya kweli. Lakini je, ni kweli? Jawabu lake twaweza kulipata mahali ambapo wengi wasingefikiri kulitafuta, yaani katika mchezo. Maana umekuwako katika siku zetu uwanja wa vita wenye karani wa namna hiyo hasa, asiyelala, asiyesahau na asiyepokea hongo.

Mchezo huo huitwa EVE Online. Ulitungwa na kampuni ya CCP ya mji wa Reykjavík, katika kisiwa cha Iceland, ukafunguliwa mwezi wa Mei, 2003. Mchezaji hukaa mbele ya kompyuta yake, iwe Moscow au Chicago, na kwa njia ya intaneti huingia katika ulimwengu wa nyota wa kubuniwa, ambamo yeye ni rubani wa merikebu za angani. Michezo mingi ya jinsi hii huwagawa wachezaji katika nakala nyingi za ulimwengu mmoja, kila kundi na nakala yake. EVE haikufanya hivyo. Maelfu ya wachezaji hukutana katika ulimwengu mmoja wenye nyota zaidi ya 7,000, na atendalo mmoja huwagusa wengine. Ndiyo sababu ulimwengu ule umepata kuwa na historia.

Yafaa pia tueleze kwa nini watu wazima waumie mioyo kwa ajili ya merikebu zisizoshikika. Katika EVE merikebu iliyoangamizwa haifufuki. Aliyeipoteza hana budi kununua au kuunda nyingine, na kila chombo kimetokana na kazi: mtu alichimba madini, mwingine akayasafirisha, mwingine akaunda, mwingine akauza sokoni kwa fedha ya mchezo iitwayo ISK. Merikebu kubwa kupita zote huitwa titani. Titani moja huhitaji madini mengi mno na majuma mengi ya kuundwa, wala si kazi ya mtu mmoja bali ya kundi zima. Ya kwanza iliundwa na wachezaji mwaka 2006, na adui zao wakaiangamiza kabla ya mwaka ule kwisha. Kwa hiyo titani ikipotea, zimepotea jioni nyingi za watu wengi, na jioni za mtu ni sehemu ya umri wake.

Wachezaji hujiunga katika vyama, na vyama hujiunga katika miungano mikubwa yenye majemadari, wapelelezi, watunza hazina na wasemaji. Mwishoni mwa mwaka 2013 palikuwa na vita vikuu kati ya pande mbili. Upande mmoja ulikuwa muungano ulioitwa CFC pamoja na vyama vya Warusi. Upande wa pili ulikuwa muungano wa N3 pamoja na chama cha Pandemic Legion, kilichosifiwa kwa marubani hodari na merikebu kubwa.

Tarehe 18 Januari, 2014, pande hizi zilikutana katika mahali paitwapo HED-GP. Hapo lilitokea jambo linalopasa kukumbukwa. Kompyuta kuu inayouendesha ulimwengu ule ililemewa na wingi wa watu na vyombo. CFC na Warusi walipotuma manowari zao kuingia vitani, marubani wengi walijikuta mbele ya kioo cheusi. Manowari zao zilikuwa zimekwisha kufika uwanjani, lakini wao wenyewe hawakuweza kuona wala kutenda, na adui akawapiga wakiwa katika hali ile. N3 na Pandemic Legion walihesabu ushindi. Wenzao wakasema kwamba hawakushindwa na watu, bali na mtambo. Tena wakasema kwamba maelfu ya vyombo vidogo visivyo na rubani, ambavyo N3 walivitumia kama silaha, ndivyo vilivyoulemea mtambo huo. Wa upande wa pili wakajibu kwamba kila jemadari aliujua udhaifu wa mtambo kabla ya kutoa amri, na kwamba atumaye watu wake mtoni wakati wa mafuriko asiulaumu mto. Msomaji ataona kwamba kila upande ulikuwa na hoja, na kwamba hesabu ya manowari zilizopotea, ijapokuwa ilijulikana na wote, haikukata shauri.

Siku tisa baadaye, tarehe 27 Januari, vilizuka vita vilivyowatoa watu katika habari ya HED-GP. Katika EVE ya wakati ule, chama kilichomiliki nchi kililipa ada yake kila baada ya muda fulani. Nyota ya B-R5RB ilikuwa mikononi mwa N3 na Pandemic Legion, nao waliitumia kuwa kituo cha kukusanyia majeshi na kuweka mali zao. Siku ile ada haikulipwa. Mara nchi ikawa haina mwenyewe. CFC na Warusi walipopata habari waliingia mbio ili kuitwaa, na wenye mali wakaja kuiokoa. Kila upande uliita msaada, na msaada ukaita msaada, mpaka titani za pande zote mbili zikawa zimesimama uwanjani ana kwa ana, nyingi kuliko zilivyowahi kukutana tangu mchezo kuanza.

Watu wanapokuwa wengi mno mahali pamoja, mtambo wa EVE huuvuta muda ili usianguke: tendo la dakika moja huweza kuchukua dakika kumi. Kwa sababu hiyo vita vya B-R5RB vilichukua saa 21 hivi. Watu walipigana, wakaenda kazini, wakarudi, wakakuta vita bado vinaendelea. Wengine walilala wakaamka wakaona titani ile ile ingali ikiungua. Mpito wa saa nao ulikuwa na kazi yake katika mambo haya, kwani Ulaya ilipokwenda kulala, Marekani ilikuwa ikitoka kazini, na CFC walikuwa na marubani wengi huko Marekani. Kidogo kidogo mzani ukaelemea upande mmoja. N3 na Pandemic Legion wakaanza kutafuta njia ya kuokoa merikebu zilizosalia, na vita vikakaribia mwisho wake saa ilipofika ya kufungwa kwa kompyuta kuu, kama ilivyokuwa desturi ya kila siku.

Ndipo karani wetu asiyepokea hongo alipotoa hesabu yake. Watu zaidi ya 7,500 walishiriki kwa saa zote hizo, na wakati mmoja walikuwapo uwanjani zaidi ya 2,600 pamoja. Titani 75 ziliangamizwa. Kati ya hizo, 59 zilikuwa za N3 na Pandemic Legion, na 16 zilikuwa za CFC na Warusi. Pamoja nazo zilipotea manowari nyingine kwa mamia. Hasara yote ilifikia ISK trilioni 11. Hesabu hiyo ilitoka katika kumbukumbu za mtambo wenyewe, na hakuna aliyeikana.

Sasa basi, je, ubishi ulikwisha? Ngozi ya ngoma ilivutwa siku ile ile.

Kwanza walibishana juu ya chanzo. Wengine walisema kwamba ada ile haikulipwa kwa uzembe: mtu aliyepewa kazi ndogo hakuitazama, na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Wengine wakasema kwamba malipo yalikuwa yamepangwa kujilipa yenyewe, na kwamba kosa lilikuwa la mtambo. Hili laweza kuonekana kuwa jambo dogo, lakini sivyo. Ikiwa ni uzembe, basi walioshindwa walijiletea msiba wao. Ikiwa ni mtambo, basi walipatikana na ajali. Kisa ni kimoja, lakini aibu si moja.

Pili walibishana juu ya maana ya hasara. Washindi walizielekeza tarakimu mbili, 59 na 16, wakasema kwamba nguvu ya adui imevunjika. Wa upande wa pili walisema kwamba titani ni mali, na mali iliyopotea huweza kutafutwa tena. Wao ni matajiri, wataunda nyingine. Tena wakasema kwamba vita vyenyewe vilianza kwa bahati na si kwa ustadi wa adui. Washindi wakajibu kwamba bahati huwajia wote, lakini huwafaa walio macho, na kwamba kumwona adui amejikwaa na kumshika kabla hajasimama ndiyo kazi ya jemadari.

Tatu, na huu ndio ubishi mchungu kuliko yote, walioshindwa walibishana wao kwa wao. Je, ilikuwa busara kuziingiza titani zote kwa ajili ya kuokoa kituo? Je, ilipasa kurudi nyuma mapema, mara mzani ulipoanza kuelemea? Kila jemadari wa chumbani alikuwa na jawabu, maana vita vilivyokwisha havina asiyevijua kupigana.

Ubishi wa nne uliletwa na watu wa nje. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba mali ya dola za Marekani 300,000 au zaidi iliteketea katika mchezo wa kompyuta. Hesabu hiyo ilipatikanaje? Katika EVE mtu huweza kununua kibali cha muda wa kucheza kwa fedha halisi, kisha akakiuza ndani ya mchezo kwa ISK. Basi ukijua bei ya kibali huko na huko, waweza kugeuza ISK kuwa dola. Hesabu ni sahihi kwa namna yake. Lakini wachezaji wengi waliikataa, wakasema kwamba merikebu zile hazikununuliwa kwa dola bali ziliundwa kwa kazi ya miaka, na kwamba hakuna mtu aliyetokwa na dola 300,000 mfukoni usiku ule. Hapa twajifunza jambo jema: hesabu yaweza kuwa ya kweli na ikamdanganya asomaye, ikiwa haulizi ni kitu gani kilichohesabiwa.

CCP wenyewe waliweka ukumbusho: mabaki makubwa ya titani yaliachwa yakielea pale B-R5RB, ili kila rubani apitaye ayaone. Ukumbusho huo wasema kwamba vita vilikuwako. Hausemi nani alikuwa na haki, wala nani alisema kweli juu ya ada ile.

Muda ulipopita ulileta ushahidi wake. Kwa kitambo kifupi maneno ya washindi yalionekana kutimia, kwa sababu N3 na Pandemic Legion walipoteza vita vile vikuu, na nchi za kusini-mashariki zikawatoka. Lakini hawakufa. Mwaka 2016 muungano uliotokana na CFC, ambao kwa wakati huo uliitwa Imperium, ulishambuliwa na maadui wengi kwa pamoja, ukafukuzwa katika nchi zake za kaskazini; na miongoni mwa waliouufukuza walikuwamo Pandemic Legion, wale wale walioambiwa kwamba wamevunjika. Wala Imperium nao hawakufa, bali walihamia kusini wakajijenga upya. Hata jina la vita hivyo vya 2016 halikupatana: Imperium waliviita Vita vya Kasino, wakimaanisha kwamba adui aliajiriwa kwa fedha za wenye michezo ya kamari, na adui zao waliviita Vita vya Dunia vya Nyuki, kwa kuwa nyuki ni nembo ya chama kikuu cha Imperium. Atajaye jina moja kati ya hayo amekwisha kuchagua upande kabla ya kuanza kusimulia.

Na kabla ya vita hivyo palikuwa na kisa kingine kinachotufaa. Mwaka 2015 viongozi wa Imperium walitaka kutoa kitabu juu ya vita walivyoshinda mwaka 2013 katika nchi ya Fountain, wakawaomba watu wachange fedha za kukitoa. Wachezaji wengi walikasirika. Walisema kwamba habari ile ni mali ya wote waliopigana, walioshinda na walioshindwa, na kwamba upande mmoja usijitwalie kalamu na kuwatoza wenzake bei ya wino. Michango haikutosha, na shauri lile likaachwa. Lakini katika miaka ile ile mwandishi wa habari wa Marekani, Andrew Groen, naye aliomba michango ili aandike historia ya vita vya EVE, akaipata, na kitabu chake kikatoka mwaka 2016. Yeye hakuwa jemadari wa upande wowote. Aliwaendea watu wa pande mbalimbali, akawasikiliza, akayalinganisha maneno yao. Kwa nini mmoja alinyimwa na mwingine akapewa? Si kwa sababu wachezaji walichukia historia, bali kwa sababu waliipenda, nao walitaka iandikwe na mtu asiyevutia ngozi kwake.

Ubishi haujakoma tangu hapo. Mwishoni mwa Desemba, 2020, katika mahali paitwapo M2-XFE, ziliteketea titani zaidi ya 250 katika vita vimoja, na sifa ya B-R5RB ya kuwa vikubwa kupita vyote ikatoweka. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari, 2021, wavamizi walijaribu kuingia tena mahali pale, mtambo ukalemewa, na wengi wakapoteza merikebu zao bila ya kuweza kupigana. Nani aliyeshinda? Kwa mara nyingine wengine walisema ni watu, wengine wakasema ni mtambo. Yalikuwa maneno ya HED-GP, yaliyotamkwa na vinywa vingine. Na baadhi ya waliolalamika mwaka 2014 safari hii walikuwa ndio wanaocheka.

Basi na turudi katika swali letu la kwanza. Kadesh haikuwa na karani. B-R5RB ilikuwa naye. Alihesabu titani moja moja, wala hakuna aliyemkanusha, na ubishi ulikuwako vile vile. Kwa hiyo yatupasa kukubali kwamba hesabu na hukumu ni vitu viwili. Hesabu hutuambia kilichovunjika. Haituambii kilikuwa na thamani gani kwa aliyekivunjikiwa, kwa nini kilivunjika, wala kuvunjika kwake kulizaa nini. Hayo huambiwa na watu, na watu huvuta ngozi kwao.

Lakini mwanafunzi asitoke hapa akidhani kwamba basi hakuna kweli, na kila mtu aseme apendavyo. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Titani 59 ni 59. Asemaye zilikuwa 20 ni mwongo, ajapokuwa ni rafiki yetu. Kazi ya mwanahistoria ni kukishika kwanza kile kisichokanika, kisha kumwuliza kila msimulizi: Wewe ulisimama upande gani? Ulipoteza nini? Unataka nini kwa kusema haya? Naye amsikilize aliyeshindwa kwa subira ile ile amsikilizayo mshindi, kisha angoje, kwa maana miaka miwili yaweza kugeuza kilio kuwa kicheko na kicheko kuwa kilio.

Waliopigana B-R5RB hawakumwaga damu, nasi tushukuru. Mezani hapakuwa na maiti, palikuwa na jioni za watu, fahari yao, na majina yao mbele ya wenzao. Ikiwa watu waliweza kuvutana namna ile kwa ajili ya mambo hayo, hatuna haja ya kustaajabu tusomapo ugomvi juu ya vita ambavyo watu walizikwa. Bali tusome polepole, na tunapofungua kitabu chochote cha vita, tuitazame kwanza ngozi ya ngoma, tuone imevutwa upande gani.